Bisibisi Nne za Kwenda Nazo Gulwe

Ndahani mwanangu,

Habari zako sikuulizi, maana nakusikia hapo nje ukigombana na mbuzi wa bibi yako, na kwa sauti ninayoisikia mbuzi ndiye anayeshinda.

Jua bado liko juu. Nimekaa bandani kwenye benchi la baba yako, na karatasi nimeilaza juu ya ubao wake wa kazi, kwa hiyo ukiona mwandiko unarukaruka ujue ni mashimo ya misumari. Nimerudi kutoka stesheni tangu saa nane. Nimekaa hapa muda mrefu kabla ya kushika kalamu, nikitazama tu vumbi la mbao. Nimechoka, Ndahani. Si uchovu wa kupima magunia na ngozi za watu pale ghalani. Huo ukilala unaisha.

Baba yako ndiye aliyenituma niandike. Asubuhi alinishika bega akasema, "Samweli, mtoto anaondoka kesho. Mwandikie barua akaisome hukohuko. Mkono wangu haujui kalamu, na wewe pia ni baba yake." Akanipa na maneno ya kutia: usilale karibu na reli, usinywe maji yaliyotuama, umwamkie fundi kabla hajakutupia jicho, viatu uvae siku ya ibada tu. Mengine sikuyasikiliza vizuri. Hayo atakwambia mwenyewe kesho njia nzima mpaka stesheni, hadi masikio yakuume. Mimi nina langu, na nalo ni moja.

Nikiandika "mwanangu" naona haya kidogo. Nimekuzidi miaka mitano tu. Tumelala juu ya ngozi moja mimi na wewe, na ulikuwa ukinisukuma mpaka nalala chini. Lakini kwetu mdogo wa baba ni baba hata kama ndevu zinamkataa, na mbele ya watu hujawahi kuniamkia bila kusema "shikamoo, baba mdogo", ingawa tukibaki wawili unanirushia maganda ya karanga. Basi leo niruhusu niwe baba. Kesho utaamua mwenyewe kama ninafaa.

Ndani ya mkoba wa ngozi utakuta bisibisi nne. Nataka ujue nilivyozichagua. Fundi wa pampu utakayejifunza kwake huko Gulwe ana zake, lakini nimesikia ni zile zilizolika, anazinoa kwenye jiwe kila Jumatatu. Mwanafunzi anayefika na zake mwenyewe hatumwi kuchota maji tu.

Nilikwenda duka la Mzee Feruzi pale mjini siku tatu mfululizo. Unamjua alivyo. Siku ya tatu hakungoja hata niingie.

"Karibu, Bwana Kimya! Leo umekuja kununua, au kushikashika vitu vyangu kama jana?"

"Nataka bisibisi."

"Si nilikuonyesha sanduku zima? Kumi na mbili ndani, zinang'aa kama meno ya bibi harusi."

"Hizo zinang'aa tu."

"Ahaa! Amesema! Enyi watu, njooni msikie, karani amesema!"

Hapakuwa na watu, ila paka wake. Nikatoa mfukoni parafujo tatu nilizozichukua nyumbani na stesheni: moja ya cherehani, moja ya bawaba ya mlango, na moja kubwa ya tangi la maji. Nikazipanga juu ya meza yake. Kisha nikawa natia ncha ya kila bisibisi ndani ya ule mchanjo ulio kichwani mwa parafujo, mmoja mmoja. Ncha nzuri inaujaza mchanjo toka ukingo hadi ukingo na haichezi. Ikiwa nyembamba kuliko mchanjo, itaulambalamba mpaka mchanjo uwe bakuli. Ikiwa imechongwa kama kabari, nene juu na kali chini, inashika midomo tu, na ukitia nguvu inapanda na kuruka nje, nawe unajichoma kiganja. Zile kumi na mbili za bibi harusi zote ni kabari.

Mzee Feruzi akawa ananitazama mkono shavuni. "Kijana, unanunua bisibisi au unaposa? Mimi mke wangu sikumchunguza hivyo."

Nikatoa na tupa ndogo ya baba yako, nikaigusisha ubavuni mwa ncha. Hapo alinishika mkono. "Unaniharibia mali!" Nikamwambia ile nitakayoiharibu nitainunua. Tupa ikiteleza kama juu ya kioo, chuma hicho ni kigumu mno, siku moja kitakatika. Tupa ikizama kama inakula risasi, chuma ni laini, kitapinda. Nilitafuta kile ambacho tupa inaking'ata kidogo, kwa kulazimishwa. Mwishowe nikabana ncha kwenye jiliwa lake la kubania vyuma na kuuzungusha mpini kwa nguvu zangu zote. Mbili zilizunguka mpini peke yake, chuma kimesimama. Nikamrudishia. Hizi nne zako, ukitazama karibu na shingo, utaona kimsumari kimepita mpini na chuma kwa pamoja. Hazitakuzungukia mkononi.

Kwa hiyo ni nne tu: ndogo ya cherehani na saa, mbili za kati, yaani fupi na ndefu, na moja kubwa. Sikutaka zaidi. Mwenye kumi na mbili hushika ile iliyo karibu na mkono wake. Mwenye nne anazijua.

Utajiuliza mimi, ambaye sijawahi kufungua hata kitasa cha sanduku langu, haya niliyajulia wapi. Ndilo hilo ninalotaka kukwambia, na tangu saa nane nalizunguka.

Unakumbuka mwaka ule reli ilipofika, mimi nimerudi kutoka shule. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nimejua kusoma Kiswahili na Kijerumani, na nyumbani kila mtu alinitazama kama nimerudi na mkia. Watu walikuja kukaa hapa bandani ili tu wanisikie nikisoma maandishi ya kwenye makopo. Mimi niliogopa kila swali. Kusema mbele za watu kulikuwa kubaya. Lakini kusema "sijui" kulikuwa kubaya zaidi, maana baba yako aliuza ng'ombe wake mzuri ili nikae shuleni, nawe mwenyewe ulichunga mahali pangu.

Wakati ule baba yako alikuwa na bisibisi moja tu, ya zamani, ncha yake imelika ikawa mviringo kama kidole. Akanituma nikamletee nyingine, kwa kuwa mimi ndiye msomi. Nikachagua kwa macho ya shule: nikachukua kisanduku chenye maandishi mengi. Ndani mlikuwa na ndogo ndogo tano, na moja ndefu kama mkono mpaka kiwiko, imefungwa peke yake ndani ya karatasi. Kwenye karatasi limeandikwa neno moja.

Baba yako akaishika ile ndefu. Walikuwapo na wazee wawili waliokuja kunisikiliza. Akaniuliza, "Na hii yote ya nini? Imeandikwaje hapo?"

Nikasoma: *Schraubenzieher*. Nikalikata vipande kama mwalimu alivyotufundisha. Kipande cha kwanza ni parafujo. Kipande cha pili nilikijua kutoka katika somo la farasi avutaye mkokoteni, somo tuliloliimba mwaka mzima na farasi mwenyewe hatujamwona. Ni kuvuta.

"Ni kivuta parafujo, kaka."

"Kivuta? Si ya kuzungusha?"

Hapo, Ndahani. Hapo ndipo ninaporudi kila siku ninapotembea kwenda stesheni. Kaka yangu mkubwa, fundi, mwenye mikono iliyojua kazi, aliniuliza swali la haki kabisa. Ningeweza kusema, sijui, kaka, mimi nimesoma neno tu, kitu chenyewe sijawahi kukishika. Wale wazee walikuwa wananitazama. Nikasema, "Ni ya kuvuta."

"Kumbe! Hizi ndogo za kuzungushia, na hii ya kung'olea zilizoshindikana. Wadachi wana akili."

Akaitundika ukutani kwenye msumari wake. Ikaitwa "kile kivuta cha Samweli."

Siku ya sanduku unaikumbuka kuliko mimi, kwa hiyo nitaandika niliyoyaona tu, nikiwa nimesimama hapo mlangoni. Mfanyabiashara mmoja alileta sanduku la mninga, kitasa chake kimeharibika. Parafujo tatu zilitoka. Ya nne ilishika kutu na mchanjo wake umekwisha. Baba yako akajaribu na zile ndogo, zikateleza. Akakwambia, "Ndahani, panda juu ukae, lisitikisike." Ukakaa juu ya sanduku miguu umeibana, mikono umeishika pembeni. Akasema, "Lete kile kivuta." Mimi ndiye niliyekitungua ukutani nikampa.

Akaiingiza ncha chini ya kichwa cha parafujo kama mtu anayeng'oa msumari, akalalia mpini kwa uzito wake wote. Bisibisi haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Ililia mara moja tu, kama ukuni mkavu, na ncha ikakatika ikaruka.

Nawe hukutikisika. Nilikuwa nakutazama wewe, si yeye, kwa sababu nilikuwa nafikiri: mtoto huyu anajua kutulia kuliko mimi. Hukusogeza hata kidole.

Lakini alipoanguka ameshika jicho, neno lake la kwanza lilikuwa, "Umetikisika! Nilikwambia usitikisike!" Ukalia, ukaapa kwa mama yako. Bibi yako akaja mbio akasema, "Huyu mtoto hana utulivu, nimesema siku nyingi." Na mimi nilikuwa nimesimama palepale mlangoni, kinywa nimekifunga.

Jioni ile nilijiambia sina hakika. Labda kweli ulisogea. Labda chuma kilikuwa kibaya. Jicho likafa, wewe ukapewa jina. Watoto wa hapa Ipagala walikuwa wakikufuata mpaka kisimani: "Mtikisa sanduku! Mtikisa sanduku!" Siku moja nilimkamata mmoja nikampiga kibao. Ukanitazama ukasema, "Acha, baba mdogo. Ni kweli." Nilikwenda kulala bila kula.

Hakika niliipata baada ya miezi kadhaa, nilipoanza kazi stesheni. Mdachi mmoja alikuwa juu ya ngazi anatengeneza taa. Akaita bila kugeuka, akanyoosha mkono chini, "Schraubenzieher!" Kuli mmoja, hajui Kijerumani wala kusoma, akampa bisibisi ndogo, hii ya kawaida. Yule bwana akaipokea akaendelea kuzungusha.

Nikamwendea yule kuli. "Umejuaje anataka hiyo?"

"Si ameita?"

"Lakini ameita kivuta."

"Kivuta gani? Hilo ndilo jina la bisibisi kwao. Zote, kubwa na ndogo." Akacheka. "Karani mzima hujui bisibisi?"

Zote. Neno lilikuwa jina tu. Hata zile tano ndogo zilikuwa na jina hilohilo. Laiti ningefungua kinywa siku ile, baba yako angeishika ile ndefu, angeitazama ncha, na mikono yake ingemwambia yenyewe ni kitu gani. Nilimnyima kuamini mikono yake. Nilimpa neno mahali pake.

Na hata nilipojua sikusema. Unajua nilifanya nini? Nilinunua bisibisi. Nilikwenda kwa Mzee Feruzi nikamletea baba yako seti nyingine. Ilikuwa laini, ikapinda kabla ya mavuno. Akasema haidhuru. Nikaleta nyingine, mipini ikazunguka. Nikaanza kuuliza mafundi wa reli, kushika, kupima, kujifunza tupa. Kila moja ikilika nilikuwa tayari na ya kuweka mahali pake, na watu wakasema, "Samweli anampenda kaka yake." Miaka mitatu nimekuwa nikibadilisha bisibisi ili nisiseme sentensi moja. Ndiyo maana nimechoka. Ndiyo maana nazijua.

Nisingeandika haya ili tu mzigo uniondokee. Ningeendelea kuubeba, nimeuzoea. Ni kwa sababu ya juzi. Baba yako alikuwa anatengeneza kiti akakwambia ushike mguu wake. Tangu jicho lipotee huona vibaya umbali, hukosa mchanjo mara mbili tatu, basi huutafuta kwa ukucha wa dole gumba, kisha huteremsha ncha kwa kufuata ukucha. Ni kazi ya polepole. Nilikutazama. Muda wote ule hukuvuta pumzi. Ulikuwa umebana mpaka mishipa ya shingo imesimama, na alipomaliza ulikwenda nje ukahema kama aliyetoka majini. Na nikaona kingine ambacho labda nyote wawili hamjakiona: ulizunguka benchi lote ili ukae upande wake wa jicho zima. Upande wa jicho lililokufa hujakaa tangu siku ile.

Kesho kutwa utashika pampu ya fundi usiyemjua. Utabana pumzi. Pampu itacheza, kwa maana pampu zinacheza, naye atageuka akutazame, na wewe utasema, "Ni mimi, nimetikisika." Utasema hivyo maisha yako yote kwa kila chuma kitakachokatika. Hilo siwezi kulifunga ndani ya mkoba nikakupa pamoja na bisibisi nzuri.

Kwa hiyo: ni mimi. Wewe ulitulia. Na mahali ambapo hukufanya kosa, usilipokee, hata anayekupa akiwa ni baba yako, hata akiwa anatokwa damu.

Bisibisi ile kubwa using'olee kitu. Hilo tu.

Sasa kuna jambo la mwisho. Baba yako ameniita mara mbili kutoka kivulini. "Samweli, bado hujamaliza? Njoo unisomee, nijue umemwambia nini." Unaona lilivyo. Hapa nyumbani wanaojua kusoma ni mimi na wewe niliyekufundisha, na kilicho katika karatasi hii nakijua mimi peke yangu. Ningeweza kukaa mbele yake nikasoma habari za viatu na maji yaliyotuama, naye angetikisa kichwa, na kesho ungeondoka na barua, nami ningebaki nalo tena. Nimekwisha kufikiria hata maneno ya kumsomea. Yanakuja kwa urahisi.

Nimeacha nafasi hapa chini. Nikimsomea yote kama yalivyo, nitapaka dole gumba lake masizi na kulibonyeza hapa. Ukikuta pako wazi, ujue nimeshindwa tena, na uzitumie bisibisi hata hivyo. Zenyewe hazina kosa.

Baba yako mdogo,
Samweli

*

Dole hili ni lake. Limetoka jeusi mno upande mmoja kwa sababu hakutulia.

Nilisoma mpaka mwisho. Nilipomaliza akasema, "Rudia pale."

"Wapi, kaka?"

"Pale pa mtoto kukaa juu ya sanduku."

Nikarudia.

"Hakutikisika?"

"Hakutikisika."

Mkono wake ulikuwa juu ya mkoba wako, akaitoa ile bisibisi kubwa, akaipitisha ncha juu ya ukucha wake huku na huku, kama anasoma. "Miaka mitatu," akasema. Hakusema ni miaka yangu, yako au yake. Kwangu hajasema neno lingine, na sijamwomba. Nimerudi bandani kungoja.

Akakuita, ukaja na vumbi la mbuzi magotini. Sijui anakwambia nini. Mnasema Kigogo chetu, lakini kwa sauti ya chini. Mtaniambia mkitaka. Barua hii utaisoma ndani ya gari la moshi na haitakuwa na habari mpya kwako. Isome hivyo hivyo.

Ninaandika haya nikiwatazama kupitia mlango. Ulitaka kuzunguka kama kawaida yako, akakushika kifundo cha mkono akakuvuta. Umekaa upande wa jicho lile lililokufa. Umetulia, na mabega yako yanapanda na kushuka kwa pumzi.